Siafu, Kompyuta Zisizo na Bosi, na Umuhimu wa Kusahau



Niko Eagan, Minnesota. Theluji imetufungia ndani tangu juzi, nami nimeamua kulipa deni. Majuma mawili yaliyopita kijana mmoja anayesoma kompyuta huko nyumbani aliniandikia hivi: "Shikamoo Profesa. Mwalimu wetu anasema siku hizi kompyuta zinajipanga zenyewe kama siafu, bila bosi. Mimi nimekulia kwenye siafu na sijaona wanachoweza kumfundisha mtu zaidi ya kukimbia. Hivi wanajua nini hasa?"

Nilimjibu kwa aya moja ya kiprofesa, nikaweka na maneno makubwa mawili matatu, nikaenda kulala. Sikulala vizuri. Jibu lile halikuwa na kosa, ila lilikuwa limeruka jambo lenyewe, na jambo hilo mimi binafsi lilinigharimu aibu kabla sijalielewa. Kwa hiyo naomba nijibu upya, mbele yenu wote. Walio wataalamu wa fani hii wanivumilie. Nawaandikia zaidi wale wa historia, fasihi, uuguzi na biashara, ambao kila siku wanatumia mifumo hii bila kuambiwa inavyofanya kazi.

MAKSAI WAWILI AU KUKU 1,024?

Wengi mnaijua Eagan kama mahali pa kupita mkienda uwanja wa ndege. Lakini eneo hili la Minneapolis na Saint Paul lina historia yake kwenye kompyuta. Mwaka 1946 ilianzishwa Saint Paul kampuni ya Engineering Research Associates, mojawapo ya kampuni za mwanzo kabisa za kazi hiyo. Mwaka 1957 ikazaliwa Control Data, na mwaka 1972 mhandisi wao mashuhuri, Seymour Cray, akatoka na kuanzisha Cray Research. Mashine yake ya Cray-1 ilipelekwa Los Alamos mwaka 1976. Baadaye kampuni hiyo ilikuwa na ofisi zake hapa hapa Eagan, upande wa Lone Oak.

Inasimuliwa kwamba Cray alikuwa na swali la kuwachokoza wapinzani wake: kama unalima shamba, ungependa kulima na maksai wawili wenye nguvu, au na kuku 1,024? Sisi Waswahili tungemjibu kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, ingawa maksai labda wangevumiliana. Lakini tusicheke sana, manake swali lina uzito. Ukijumlisha nguvu za kuku 1,024 huenda zikawazidi maksai. Taabu ni nani atawafunga nira.

Historia ilikwenda upande wa kuku. Mwaka 1993 kampuni ile ile ya Cray Research, Seymour mwenyewe akiwa ameshaondoka, ilitoa mashine iliyoitwa T3D ambayo ingeweza kuwa na prosesa hadi 2,048. Frontier, mashine kubwa iliyowekwa Oak Ridge, Tennessee, na kutangazwa mwaka 2022 kuwa ya kasi kuliko zote duniani wakati huo, ni kompyuta zaidi ya 9,000 zilizounganishwa.

Ila angalieni: kuku wa Frontier wana mchungaji. Wako chini ya paa moja, waya zao zinajulikana, na kuna programu inayogawa kazi ikijua nani yuko wapi. Swali la kijana wangu linaanzia pale ambapo mchungaji hayupo. Kompyuta zimetawanyika mabara matatu, nyingine zinazimika, nyingine zinaongezwa, kebo inakatika baharini, na hakuna hata moja inayouona mfumo mzima. Ukiweka bosi mmoja, siku bosi akizimika wote wamekwama. Hapo ndipo watu wa kompyuta walipoanza kuchungulia vichuguu.

SIAFU HAWANA AMIRI JESHI

Mimi nimezaliwa Sikonge, Tabora, nchi ya miombo, asali na vichuguu. Siafu wakiingia nyumbani usiku wa mvua, mama alikuwa anatutoa sote nje, anawafungulia kuku, kisha anachota majivu jikoni na kuyamwaga kuvuka njia yao. Nilidhani majivu yanawaunguza. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba, pamoja na mengine, yalikuwa yanaifunika njia yenyewe. Siafu mtenda kazi hana macho. Anafuata harufu iliyoachwa na wenzake chini, naye anaongeza yake. Malkia wao hatoi amri yoyote. Kazi yake ni kutaga mayai. Jeshi la mamilioni linapita bila amiri.

Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kifaransa, Pierre-Paul Grassé, aliandika juu ya mchwa na akaeleza jambo hilo kwa ufasaha. Mchwa akiweka donge la udongo lililochanganyika na mate, donge hilo linamvuta mchwa mwingine aweke lake hapo hapo. Donge juu ya donge, inakuwa nguzo. Nguzo mbili zikikaribiana, wanaanza kuziinamisha hadi zikutane juu, na hapo tayari una tao. Hakuna mchwa aliyeshika ramani, wala hawaambiani neno. Kazi iliyokwisha fanyika ndiyo inayoitisha kazi inayofuata. Grassé alilipa jambo hilo jina kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la alama na la kazi. Mimi kwa Kiswahili napenda kuliita alama inayoagiza.

Msidhani ni la wadudu tu. Hapa kwetu theluji ikianguka usiku, asubuhi mtu wa kwanza anakata njia yake kutoka kwenye maegesho hadi mlangoni. Wa pili anapita pale pale kwa kuwa ni rahisi zaidi, na wa tatu vivyo hivyo. Kufikia saa nne kuna barabara ambayo hakuna kamati iliyoipitisha. Wakati mwingine imepinda vibaya, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa anazunguka gari ambalo limeshaondoka. Watu mia wenye shahada zao wanazunguka gari ambalo halipo! Kumbukeni gari hilo, nitalirudia.

DARAJA LA BRUSSELS

Mwaka 1989 Simon Goss, Jean-Louis Deneubourg na wenzao wa Brussels walichapisha jaribio ambalo mpaka leo tunalifundisha. Waliunganisha kiota cha sisimizi wa aina ya Argentina na chakula kwa daraja lenye njia mbili, moja ndefu mara mbili ya nyingine. Mwanzoni sisimizi wanachagua kwa kubahatisha, nusu huku, nusu kule. Lakini wa njia fupi wanakwenda na kurudi upesi, kwa hiyo harufu inajaa huko kwanza. Wanaofuata wanavutwa na harufu iliyo kali zaidi, nao wanaiongeza. Baada ya muda mfupi karibu wote wako kwenye njia fupi. Hakuna aliyepima urefu.

Hadithi hii husimuliwa kwenye makongamano kana kwamba imeishia hapo, watu wakapiga makofi. Lakini watafiti wale walifanya na jaribio la pili. Waliweka kwanza njia ndefu peke yake, na baada ya nusu saa ndipo wakafungua ile fupi. Mnadhani sisimizi walihamia? Wengi hawakuhamia. Njia ndefu ilikuwa imeshajaa harufu, na harufu ya sisimizi wale haifififii upesi kiasi cha kuipa njia mpya nafasi. Waliendelea kuzunguka, na njia fupi ikiwa wazi pembeni yao.

Lile gari lililoondoka, basi, ndilo hilo.

Kuna mfano wa kutisha zaidi. Mwaka 1921 William Beebe aliandika habari za siafu wa Amerika ya Kusini, binamu wa siafu wetu, aliowakuta Guyana. Walikuwa wamepoteza njia, wa mbele akaishika harufu ya wa nyuma, wakawa wanazunguka kwenye duara lenye mzingo wa futi zipatazo 1,200, zaidi ya mita 360. Kila mmoja alihitaji kama saa mbili na nusu kumaliza mzunguko mmoja. Waliendelea hivyo hadi wengi wakafa. Kila siafu kwenye duara lile alikuwa anafuata kanuni kwa uaminifu kabisa, na uaminifu huo ndio uliowaua.

PUNGUZO LA DORIGO

Mwaka 1992, katika tasnifu yake ya udaktari huko Milano, Marco Dorigo aliwageuza sisimizi kuwa algoriti, yaani hatua za kukokotoa. Chukueni mfano wa mkaguzi wa shule anayetakiwa kupita miji 15 na kurudi alikoanzia kwa safari fupi iwezekanavyo. Njia za kuchagua ni zaidi ya bilioni 43, na ukiongeza miji kidogo tu hesabu hailiwi tena na mashine yoyote. Dorigo hakuzijaribu zote. Alituma sisimizi wa kubuni ndani ya kompyuta, kila mmoja akitengeneza safari yake kwa kubahatisha kidogo na kufuata harufu kidogo. Safari fupi ikapewa harufu nyingi, ndefu ikapewa kidogo, kisha wakatumwa tena.

Sasa, kiini chake ni hiki. Kila baada ya mzunguko, harufu ya njia zote inapunguzwa kwa sehemu fulani, nzuri na mbaya kwa pamoja. Ukiiondoa hatua hiyo, mfumo unang'ang'ania safari ya kwanza iliyoonekana nafuu, kama wale sisimizi wa nusu saa. Ukipunguza kwa kasi mno, hakuna kinachodumu na kila mzunguko ni kama unaanza upya. Kati ya hapo ndipo mfumo unapoonekana kuwa na akili. Mwaka 1998 Dorigo na Gianni Di Caro walipeleka wazo hilo kwenye mitandao ya mawasiliano: vifurushi vidogo vya data vinatangulia kama sisimizi, vinapima njia ipi ina msongamano, na vinarekebisha alama ili vifurushi vingine vipite penye unafuu. Njia ikiharibika, alama yake inakosa wa kuiongeza, inafifia, na msafara unahama wenyewe.

PUNDAMILIA WA LAIKIPIA

Msije mkasema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mojawapo ya mifano mizuri ilifanyika kwetu Afrika Mashariki, kwa jina la ZebraNet. Mwaka 2002 Margaret Martonosi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakishirikiana na mwanabiolojia Daniel Rubenstein, walichapisha muundo wa kola za kuwavalisha pundamilia, na Januari 2004 wakazijaribu Laikipia, katikati ya Kenya. Kila kola ilikuwa na GPS, betri, sola na redio. Hapakuwa na mnara wa simu wa kutegemewa. Mtafiti alikuwa anapita na gari mara moja moja, na pundamilia wengi hatawaona.

Walichofanya ni kuwageuza pundamilia wawe tarishi. Wawili wakikaribiana, kola zao zinapeana data. Siku gari likimkuta mmoja, linachukua habari zake pamoja na za wenzake aliokutana nao. Lakini ampe nani? Ukimpa kila mmoja kila kitu, betri inakufa. Katika muundo wa 2002 walipendekeza njia nyepesi: kila kola inajiwekea cheo. Ikifanikiwa kuzungumza na gari, cheo kinapanda. Ikikaa muda bila kuliona, cheo kinashuka. Ukikutana na wenzako, mpe mwenye cheo kikubwa.

Mnaiona harufu hapo? Kupanda kwa cheo ni sisimizi kuacha alama, na kushuka kwake ni alama kufifia. Pundamilia aliyekuwa karibu na barabara mwezi uliopita lakini sasa amehamia bondeni anapoteza heshima yake taratibu bila kufukuzwa na mtu. Laiti vyeo vingine tunavyovijua vingekuwa na utaratibu huo! Lakini tuyaache ya siasa.

UVUMI NA VYETI VYA KIFO

Njia nyingine ya kupanga mambo bila bosi imetoka kwenye maradhi na umbeya. Mwaka 1987 Alan Demers na wenzake wa Xerox, Palo Alto, walikuwa na tatizo la orodha ya majina na anwani iliyonakiliwa kwenye seva mamia. Ikibadilishwa sehemu moja, zote zitajuaje? Waliacha uvumi ufanye kazi: kila seva, kila baada ya muda, inachagua nyingine kwa kubahatisha na kuiambia iliyonayo. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Kwa seva 1,000, raundi zisizofika 20 kwa kawaida zinatosha, hata kama njiani baadhi zimezimika. Ni nafuu, na hakuna bosi wa kuangusha.

Lakini waligundua kitu ambacho mwenye kijiji yeyote angewaambia: uvumi unajua kueneza, haujui kufuta. Chukueni jina linalotakiwa kuondolewa. Ukilifuta kwenye seva moja, seva hiyo inakuwa kama ambayo haijawahi kulisikia. Inakutana na nyingine ambayo bado inalo, inaambiwa, inalipokea kwa furaha kama habari mpya. Umelizika asubuhi, jioni limefufuka. Dawa waliyoipata waliiita kwa jina lake hasa: vyeti vya kifo. Hufuti kimya kimya. Unaandika kwamba jina hili limeondolewa, tarehe fulani, saa fulani, na cheti hicho nacho kinaenezwa kama uvumi, kikiua kila nakala kinayoikuta. Na kwa kuwa huwezi kutunza vyeti vyote milele, seva nyingi zinakitupa baada ya muda, ila chache zinabaki na nakala iliyolala. Likitokea jina lile la zamani kutoka pembe fulani, cheti kinaamka na kuenea tena.

Wazo hilo halijafa. Hifadhidata ya Cassandra, iliyoanzia Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, inaenezea habari za hali ya kompyuta zake kwa uvumi wa namna hiyo, na inapofuta data inaweka alama waliyoipa jina la jiwe la kaburi. Kwa kawaida jiwe hilo linatunzwa siku 10. Kompyuta iliyokuwa imezimika muda wote huo ikirudi baada ya jiwe kuondolewa, na nakala ya zamani inayo, data iliyozikwa inaweza kufufuka. Sisi tuna matanga na arobaini, wao wana siku 10.

Hapa ndipo penye jambo nililoliruka nilipomjibu kijana. Kwa siafu na sisimizi, kusahau ni bure. Harufu inakwenda na upepo, jua na mvua, upesi au polepole, bila mtu kuiondoa. Kwenye kompyuta hakuna kinachofifia chenyewe. Nakala ya miaka 20 ni safi kama ya leo asubuhi. Kwa hiyo ukichukua nusu ya kwanza ya somo la siafu, ile ya kuacha alama na kufuatana, ukaacha nusu ya pili, umejenga lile duara la Guyana.

MZEE WETU

Sasa niwaeleze nilivyojifunza, maana si vitabuni.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa alilazwa, hali yake mbaya. Usiku ukaingia ujumbe kwenye simu yangu: Mzee ametutoka. Aliyenitumia ni mtu mzima, wa kuaminika, naye ametumiwa na mtu wa kuaminika. Sikupiga simu kwa familia. Ni saa tano usiku, nikaona nisiwasumbue. Nikautuma kwenye makundi matatu: hapa, Dallas, na la watu wa kwetu walioko nyumbani. Nilihisi nimetimiza wajibu.

Baada ya kama dakika 40 mwanawe akaandika: baba yuko hai, amepumzishwa kwa dawa, tafadhali acheni. Nikatuma na masahihisho, kwenye makundi yale yale matatu. Lakini ujumbe wa kwanza ulikuwa umeshatoka mikononi mwangu. Ulikuwa London, ulikuwa Muscat, ulikuwa Dar. Huko Tabora dada yake mkubwa, bibi wa zaidi ya miaka 80, alikuwa ameshaanza kulia, na turubai limefungwa uani. Masahihisho yalimkuta asubuhi. Kwa saa kadhaa bibi yule alikuwa amemzika mdogo wake moyoni, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki tatu ujumbe ulirudi kutoka kundi jingine: poleni, tumesikia leo. Baada ya miezi miwili, tena. Kila mara mtu asiyejua alikutana na nakala ya zamani, isiyo na tarehe, akaipokea kama habari mpya na kuieneza kwa moyo mwema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa hiyo kila mmoja aliona hatari ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kusema.

Mzee alipona, akatoka, akawa anatutania kwamba yeye ni marehemu mstaafu. Aliishi karibu miaka miwili zaidi. Siku alipofariki kweli, ujumbe ulipotoka, watu wengi waliusoma na kusema, aah, ile ya zamani hiyo. Wengine hawakuja msibani kwa sababu hawakuamini. Mwanawe alisimama kaburini na watu wachache kuliko baba yake aliyostahili. Nilikuwa nimefundisha makala ya Demers kwa miaka mingi, nikichora vyeti vya kifo ubaoni. Pale makaburini ndipo nilipoyaelewa maneno yale kwa mara ya kwanza.

Tulikaa kikao baadaye. Hatukuchagua bosi wa habari, maana tulijua asingefika mbali: akiwa kazini zamu ya usiku, tumekwama. Tulikubaliana kanuni ndogo tatu. Kila taarifa ya ugonjwa au msiba iwe na tarehe, saa, na jina la mwanafamilia aliyeitoa. Taarifa ikibatilishwa, ubatilisho nao uandikwe hivyo hivyo na upelekwe kila ulikopelekwa mwanzo. Na watu wawili, muuguzi mmoja na mwalimu mstaafu, watunze daftari la yaliyobatilishwa, ili ya zamani yakirudi wawe na la kujibu. Hao wawili ndio vyeti vyetu vilivyolala. Hawatawali mtu. Wanakumbuka tu kwa niaba yetu kwamba jambo fulani limekwisha.

MIPAKA YA SOMO

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mfumo ujipange wenyewe. Fedha haitaki uvumi. Ukituma shilingi kwa simu, haitoshi kwamba seva nyingi baada ya raundi kadhaa huenda zitaafikiana kuhusu salio lako. Lazima ijulikane sasa hivi kama unayo au huna, vinginevyo utaitumia mara mbili. Kwa kazi hiyo zipo itifaki nyingine, ngumu na za polepole zaidi, zinazolazimisha kompyuta zikubaliane kwanza. Mwenye kukuambia siafu ni dawa ya kila kitu anakuuzia kitu.

Wala kujipanga bila bosi si kukosa sheria. Siafu hana amiri lakini ana kanuni kali, fupi, zisizozidi vidole vya mkono. Kwetu kanuni hizo huandikwa na mtu: mhandisi fulani aliamua harufu ipungue kiasi gani, jiwe la kaburi likae siku ngapi, cheo kishuke baada ya muda gani. Hapo ndipo palipojificha mamlaka kwenye mfumo unaoambiwa hauna mwenyewe, na hapo ndipo vijana wetu wanaojenga mifumo ya hospitali, ya ardhi na ya kodi huko nyumbani wanapotakiwa kuuliza kwa sauti. Mtu aliyewekwa kwenye orodha ya wadaiwa na akalipa, alama yake inafutika lini, na nani ana cheti? Mgonjwa aliyeandikiwa ugonjwa ambao hana, nakala ya zamani ikirudi kutoka wilayani, nani ataizuia? Kueneza ni rahisi, tumeshajua. Mfumo upimwe kwa namna unavyosahau.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu la swali lako ni hili. Siafu mmoja hajui chochote kinachofaa kufundishwa chuoni. Wanachojua kiko ardhini, kwenye harufu, na kinafaa kwa sababu hakidumu. Ukijenga mfumo, siku ya kwanza uliza alama zitaachwaje. Siku hiyo hiyo uliza zitaondokaje.

Nikichungulia dirishani naona theluji mpya imeanza tena. Ile njia iliyopinda kwenye maegesho, ya kulizunguka gari ambalo halipo, inafunikwa. Kesho asubuhi watu watachagua upya, na huenda safari hii wakaenda moja kwa moja.

Nawasilisha. Mwenye hoja au masahihisho asisite, ila tafadhali aweke na tarehe.

Wasalaam.